Novemba ikifika, toka maktabani

Mwaka wangu wa kwanza wa ukutubi katika sekondari moja ya kata, msimu wa mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ulinikuta nimebandika "KIMYA TAFADHALI" mlangoni na kukaa. Walimu wanakimbizana huko nje, mimi nafuta vumbi kwenye kamusi. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma: hakuna aliyetarajia kitu kutoka kwangu.

Siku hizi naanza mapema, kabla hata ya moko, ule mtihani wa majaribio. Mitihani iliyopita siipi uzito sana, kila mwanafunzi anayo, imetolewa kopi mpaka michoro haionekani. Nazitafuta taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. NECTA huziweka bure kwenye tovuti yao, somo kwa somo, lakini mwalimu mwenye mikondo minne atazifungua saa ngapi? Mle ndani kila swali limechambuliwa: waliofanya vizuri ni asilimia ngapi, waliokosa walikosea wapi, na majibu yenyewe yamewekwa kwa mwandiko wa mtahiniwa. Nachapa kurasa tatu nne tu, za mada anayoifundisha wiki hiyo, namwekea mezani. Ukimpelekea taarifa nzima atakushukuru, halafu italala chini ya madaftari. Mwalimu wetu mmoja wa Biolojia aliingia darasani na jibu moja bovu, akawaambia wanafunzi walisahihishe wao. Walibishana mpaka kengele ikalia.

Ila angalia fomati. Niliwahi kugawa mitihani ya miaka ya nyuma bila kuilinganisha na fomati mpya, vijana wakazoea kuchagua maswali kwenye sehemu ambayo sasa yote ni ya lazima. Iligundulika kwenye moko. Nilisemwa mbele ya stafu nzima, na nilistahili.

Mtihani wenyewe ukianza, tatizo linahama. Walimu wetu wanateuliwa kwenda kusimamia shule nyingine, vyumba vinachukuliwa, na kidato cha kwanza na cha tatu wanabaki wanazurura uwanjani, tena kwa kelele zinazofika kwa watahiniwa. Wiki moja kabla, namwendea mwalimu wa taaluma nipate majina ya wanaoondoka. Kila mmoja namwomba kazi moja tu: sura ya kusoma na maswali matano. Wengine huniandikia nyuma ya bahasha, napokea hivyo hivyo. Maktaba yangu haiingii darasa zima, kwa hiyo nusu wanakaa ndani, nusu nawatoa na boksi la vitabu hadi kwenye mwembe ulio mbali na vyumba vya mtihani. Kiranja anakusanya madaftari, nayafunga kwa kamba na jina la mwalimu juu, akirudi anayakuta.

Kama viti havitoshi, mkeka unafaa. Vitabu vihesabu kabla ya kengele ya chakula, maana ikishalia hutampata mtu.