Ivermektini na pua isiyosikia harufu

SWALI: Niliugua UVIKO-19 miezi miwili iliyopita na mpaka leo sisikii harufu. Naambiwa Hispania walitumia ivermektini, ile dawa ya usubi na matende, harufu ikarudi. Duka la dawa lina vidonge vya miligramu 3. Ninywe vingapi?

JIBU: Kwa shida hiyo, hata kimoja usinywe. Utafiti huo upo, ulifanyika Pamplona na kuchapishwa 2021, lakini wagonjwa walikuwa 24 tu. Kumi na wawili walipata dozi moja ya mikrogramu 400 kwa kila kilo ya uzito, wengine dawa bandia (isiyo na dawa ndani, ya kulinganishia tu), wote ndani ya saa 72 tangu homa au kikohozi kianze. Wewe una miezi miwili.

Siku ya 7, kipimo cha PCR, kinachotafuta virusi, hakikuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili. Kilichovutia watu ni jumla ya siku ambazo wagonjwa walisema hawanusi vizuri: 76 kwa waliopata dawa, 158 kwa wenzao. Lakini katika watu 12, watatu tu wakikaa wiki tatu bila kunusa wanaongeza siku 63 peke yao. Tena kila mmoja alijieleza mwenyewe. Hiyo ni fununu, si tiba. Jaribio la TOGETHER la Brazil, lenye wagonjwa 1,358 waliomeza dozi hiyo siku tatu mfululizo au dawa bandia, halikuona faida kwa UVIKO-19.

Angalia pia kipimo: kwa usubi, mtu wa kilo 60 humeza vidonge 3, kwa kiwango cha Pamplona ni 8. Ukiwa uliishi misitu ya Kongo kwenye minyoo ya loa loa, hata vile 3 vinaweza kudhuru ubongo. Ya sindano za mifugo usiiguse, wala usiitie puani.

Fanya mazoezi ya kunusa. Dondoshea pamba mafuta ya karafuu, limau, waridi na mkaratusi, kila moja kwenye kichupa chake. Nusa taratibu sekunde 10 hadi 20 kila kimoja, asubuhi na usiku, wiki 12. Wengi huacha wiki ya tatu, na hapo ndipo wanapokosea: virusi huharibu seli zinazotegemeza neva za kunusa, na ukarabati wake ni wa polepole. Kahawa ikianza kunuka moshi, endelea. Mara nyingi ni neva zinazoota upya.

Pua ikiziba upande mmoja au ikitoa damu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na kwa sasa funga mtungi wa gesi kila umalizapo kupika, maana ukivuja hutausikia.