Re: Mifupa ya Nyayanga, wanajuaje si fisi?

Bro, unauliza wanajuaje yule kiboko wa kale, mifupa yake ilipatikana Nyayanga, huko Homa Bay, Kenya, alikatwa kwa mawe na si fisi alimtafuna tu. Ni alama bana. Jiwe lenye makali linaacha mkwaruzo mwembamba, ukichungulia kwa hadubini umekaa kama herufi V na ndani kuna vimistari vidogo vidogo, lakini jino la fisi linaacha vishimo na mfereji mpana. Halafu wanacheki alama iko wapi, kama iko kwa kiungo ama pale nyama imeshikana na mfupa basi kuna mtu alikuwa anakata (mtu ni kusema tu, hiyo ni miaka milioni 2.6 hadi 3 iliyopita na hapo hapo walipata meno ya Paranthropus, jamaa wa kale wa binadamu, kwa hivyo nani alishika kisu bado ni mjadala). Kinachosumbua ni mikwaruzo ya mfupa kukanyagwa ukiwa kwa mchanga, ila hiyo inaenda ovyo kila upande.

Na huo mfupa ulisema umeuona kwa shamba usiuchimbue, udongo ulioulalia ndio husaidia kujua umri. Ambia watu wa Makumbusho, Kisumu wako.