Usikariri n kutoa 1, ihesabu kwa mkono

Kazi nimepata. Jumatatu naripoti, ofisi iko Posta, kitengo cha takwimu. Mlionitumia meseji "kaka, umepitaje usaili?", jibu hili hapa.

Ya kujieleza nayaruka, mnayajua. Mama mmoja kwenye jopo akauliza: kwa nini kwenye varianzi ya sampuli, kile kipimo cha mtawanyiko, jumla ya miraba ya tofauti kutoka wastani tunaigawa kwa n kutoa 1, na si kwa n, idadi ya namba kwenye sampuli? Swali hilohilo niliwahi kumuuliza mhadhiri, akanijibu mbele ya darasa zima, "Fomula ndiyo hiyo, kariri." Wenzangu wakacheka. Bado inaniuma. Nilirudi chumbani Sinza nikashika kalamu, sikulala mpaka kimeeleweka.

Nikaomba karatasi. Chukulia kundi lote ni namba mbili tu, 2 na 4. Wastani ni 3, varianzi ya kweli ni 1. Chagua moja, irudishe, chagua tena. Sampuli zinazowezekana ni nne: 2 na 2, 2 na 4, 4 na 2, 4 na 4. Ukigawa kwa n unapata 0, 1, 1, 0, wastani wake nusu. Ukigawa kwa n kutoa 1 unapata 0, 2, 2, 0, wastani wake 1 kamili. Kikadiriaji (njia ya kukisia) cha kwanza kina upendeleo, yaani kwa wastani hukosea upande mmoja, cha pili hakina. Chanzo ni kwamba tofauti tunazipima kutoka wastani wa sampuli yenyewe, na huo huvutwa na data yake, hivyo mtawanyiko unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Yule mama akainama kuitazama karatasi. Nikamwonyesha na hili: ukigawa kwa n kutoa 1, hakuna sampuli hata moja iliyotoa 1. Kukosa upendeleo ni sifa ya njia, si ya jibu moja.

Wadogo zangu, acheni kukariri! Dar imejaa vyeti vya takwimu. Wanaoweza kuonyesha ni wachache. Shika kalamu. Hata programu zinatofautiana: amri ya var kwenye R inagawa kwa n kutoa 1, ya NumPy (maktaba ya Python) inagawa kwa n usipoiambia vingine. Asiyeelewa ataamini zote mbili. Nasema tena, shika kalamu.

Na ukishamaliza, tafuta kipeuo cha pili cha zile 0, 2, 2, 0. Wastani wa mikengeuko sanifu hiyo ni kama 0.71, ilhali mkengeuko wa kweli ni 1. Upendeleo umerudi, na n kutoa 1 tumeitumia.