Bomba lililokutana na boriti

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni nini hasa kinachofanya ushirikiano kati ya wataalamu na taasisi ufanikiwe. Wengi watawajibu: kuaminiana. Sipingi, ila mimi nimeshirikiana na watu ninaowaamini kabisa na kazi ikaharibika vilevile.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya uhandisi wa majengo. Katika mradi mmoja sisi tulichora boriti, kampuni nyingine ikachora mabomba ya maji taka. Kila Jumatatu tulikaa kikao, tukataniana, tukaandika kumbukumbu. Siku ya kufunga mabomba fundi akanipigia simu: "Injinia, hili bomba linaingia ndani ya boriti. Nitoboe?" Kumbe wenzetu walikuwa wanafuata toleo la tatu la mchoro, na sisi tulishafika la tano. Tulikuwa tumewatumia, tena watu saba kwa mpigo. Barua pepe ya watu saba haina mwenyewe.

Wakubwa kutuzidi wameteleza mahali hapohapo. Septemba 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, ilipoteza chombo chake cha kwenda sayari ya Mirihi, Mars Climate Orbiter, kwa sababu programu ya kompyuta ya Lockheed Martin, kampuni iliyokiunda, ilitoa hesabu za msukumo kwa pauni, kipimo cha nguvu cha Kiingereza, na upande wa NASA ukazisoma kama nyutoni, kipimo cha nguvu cha mfumo wa metriki. Hati ya makubaliano ilitaka nyutoni. Tena waongoza chombo walishaona kwamba njia haikai sawa, lakini wasiwasi wao haukuingia kwenye fomu rasmi, ukaishia njiani.

Ndiyo maana naona ushirikiano hufia pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwingine inapoanza, na pale panataka mtu. Siku hizi tuna mmoja kila upande. Anayepokea mchoro harudishi "sawa" tu, anarudisha alichoelewa: "Toleo la sita, boriti imeshuka sentimita 20, nahamisha bomba." Mwanzoni vijana waliona ni utoto. Madaktari wa upasuaji nao, kwa orodha iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, hutajiana majina na kazi zao kabla ya kisu kugusa ngozi.

Boriti haikutobolewa. Bomba lilizungushwa, na gharama tukagawana nusu kwa nusu baada ya wiki tatu za kubishana, maana mikataba yetu ilieleza kila kitu isipokuwa nani alipe michoro inapogongana.