Hita za grafini, vifaranga wa Nzuguni na mstari wa penseli

Baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma mnaijua: mchana jua kali, alfajiri upepo unapenya hadi kwenye mifupa. Miezi hii maswali yenu mengi huwa ya hita. Safari hii nimechagua yanayogusa kaboni, maana neno "grafini", yaani kaboni nyembamba kupita kiasi, limeanza kuonekana kwenye maboksi, na wapo wanaotoa hela kwa ajili ya neno hilo tu.

Muuzaji ameniambia hita ya grafini inakula nusu ya umeme wa hita ya koili na inatoa joto lile lile. Ninunue? (Mpangaji, Kikuyu)

Kama ni kwa sababu hiyo, usinunue. Hita yoyote ya umeme, iwe ya koili au ya kaboni, inageuza karibu umeme wote inaokula kuwa joto. Hakuna nusu iliyokuwa inapotea ambayo grafini itakuja kuiokoa. Chukua ndoo ya lita 20, maji yana nyuzi 20, unayataka yafike 40. Kila lita inadai kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi, kwa hiyo ndoo nzima ni kilojuli 1,680. Uniti moja ya LUKU ni kilojuli 3,600. Utakula karibu nusu uniti, hata hita iwe imeandikwa nini.

Kinachobadilika kwenye kaboni ni mahali joto linapokwenda. Koili huwa nyekundu kwenye waya mwembamba, huwezi kuisogelea. Utando wa kaboni unalitandaza joto eneo zima kama mkeka, bila kuwa mwekundu, kwa hiyo unaweza kuwa karibu na mwili. Ukikaa juu ya mkeka wa wati 60 badala ya kupasha chumba kizima kwa hita ya wati 2,000, uniti zitabaki kweli, kwa sababu umepasha sehemu ndogo. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: wati ngapi?

Shikamoo. Nanokaboni ni nini, na ina uhusiano na madini ya kinywe ya Mahenge? (Mwanafunzi, Kondoa)

Marahaba, mwanangu. Uhusiano upo, tena wa damu. Kinywe ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye hotipoti. Chapati moja peke yake, yenye unene wa atomu moja, ndiyo grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliibandua mwaka 2004 kwa utepe wa gundi wa kawaida, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia 2010. Ukiiviringisha chapati hiyo ikawa mrija, unapata nanotyubu ya kaboni. Hizo mbili ndizo nanokaboni.

Chukua penseli laini, 2B au 6B, upake mstari mnene kwenye karatasi, kisha umwombe fundi umeme mita yake. Gusisha ncha zake mbili kwenye mstari, upande wa omu, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme. Mimi nilifanya hivyo mezani kwangu: kila nilipopitisha penseli tena juu ya mstari ule ule, namba ilishuka. Chembe za kinywe cha penseli zilikuwa zinazidi kugusana, na umeme ukapata njia. Ufundi wa hita za nanokaboni umejengwa juu ya kugusana huko. Nanotyubu, kwa kuwa ni ndefu na nyembamba, zinafikiana hata zikiwa chache ndani ya plastiki.

Nalea vifaranga 50 kwa balbu. Umeme ukikatika usiku naingiza jiko la mkaa bandani. Kijana wangu amesoma kuhusu vidonge vidogo vinavyotunza joto. Vitanifaa? (Mama mfugaji, Nzuguni)

Mama, jiko kwanza. Banda lililofungwa lenye mkaa unaowaka linajaa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu, inayoua vifaranga na anayekwenda kuwaangalia. Usiliingize tena.

Sasa vidonge. Kila kimoja kimekaa kama yai: gamba jembamba la plastiki, ndani yake nta. Nta ikiyeyuka inameza joto jingi, na ikiganda inalirudisha, huku nyuzi zikiwa hazishuki kwa kasi. Kilo moja inatunza takriban kilojuli 200. Ukichagua nta inayoyeyuka karibu na nyuzi 37, inalingana vizuri na kifaranga wa wiki ya kwanza, anayehitaji nyuzi 32 hadi 35. Kama boksi lako linapoteza wati 60, kilo mbili za nta zinakupa karibu saa mbili za giza.

Ubaya wa nta ni kwamba inapitisha joto polepole mno. Hapo ndipo watafiti wanapolipaka gamba grafini au nanotyubu. Vidonge vikishikana, umeme unapita kwenye magamba yenyewe, kila kidonge kinajipasha na kujaza nta yake. Hita na ghala la joto vinakuwa kitu kimoja. Naipenda sana fikra hii, ila vidonge vya aina hiyo bado ni vya maabara kuliko vya dukani.

Kwa leo, tumia madumu. Lita tano za maji zikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 40 zinatoa kilojuli 420, zaidi kidogo ya zile kilo mbili za nta. Lifunge dumu kwa kanga, uliweke katikati ya boksi, na upime joto kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga.

Hita hizi zitapika maharage? (Ihumwa)

Hapana. Utando wa plastiki hauhimili joto la jikoni. Nunua presha kuka ya umeme.

Naweza kusaga mkaa nikachanganya na gundi, nikapaka ubaoni nipate hita? (Fundi, Kongwa)

Mkaa wa kupikia haupitishi umeme vizuri, haukuchomwa kwa joto la kutosha. Unga wa kinywe utafanya kazi. Vaa barakoa unapousaga, tumia betri ya volti 12 yenye fyuzi, na usithubutu kuunganisha na volti 230 za ukutani. Pitisha kiganja juu ya ubao baada ya dakika kumi: ukikuta doa moja linaunguza na pembeni kuna baridi, rangi imekaa vibaya hapo. Ibandue, upake upya.