Pikapu yangu imeanza kunywa mafuta

SWALI: Nimetoa matairi ya 245/75R16 nikafunga 285/75R16. Lita moja ilinipeleka kilomita 10, sasa 8 tu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, anza na hesabu. Tairi jipya limezidi kipenyo kwa karibu asilimia 8. Dashibodi ikisoma kilomita 100, umekwenda karibu 108. Kwa hiyo 8 zako ni kama 8.6. Iliyobaki ni hasara kweli: tairi ni pana, zito, na gia zimekuwa ndefu kwa injini, yaani kila mzunguko wa tairi unakwenda mbali zaidi na injini inasukuma kwa nguvu zaidi. Mimi nilibadilisha plagi na filta bila kupata nafuu. Kilichonisaidia ni kupima upepo kila wiki matairi yakiwa baridi, kupunguza mwendo, na kurudi gia ya 4 mapema mlimani. Ukibeba mizigo kila siku, badilisha krauni na pinioni (gia mbili zilizo ndani ya difu, zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) upate uwiano mkubwa zaidi, yaani injini izunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi. Ni ghali, lakini injini itapumua.