Kinyama Kimeonyesha Hakuna Saratani, kwa Nini Mama Apigwe CT?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, alipata choo cheusi kama lami, akapungukiwa damu hadi akaongezwa chupa mbili. Alipoingizwa mpira wenye kamera, uvimbe ulionekana kwenye mfuko wa chakula, lakini kinyama kilichokatwa kilipopimwa hakikuwa na saratani. Sasa daktari wake anataka apigwe CT, ile picha ya eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande. Je, si kutumaliza fedha bure? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Majibu ya kinyama hicho huenda ni ya kweli kabisa, ila kilikatwa mahali pasipo na ugonjwa. Koleo dogo la kamera hunyofoa utando wa juu tu, ilhali ipo aina adimu ya uvimbe, iitwayo GIST kwa kifupi, inayoota ndani ya msuli wa ukuta wa mfuko wa chakula au wa utumbo na kuutunisha utando huo kama shuka lililofunika embe. Utando ukichubuka, damu huvuja, na choo hugeuka cheusi. Sijasema kwamba mama anao. Nasema dalili zake zinatosha kuushuku.

Uvimbe huu mara nyingi hukua kuelekea nje, hivyo kamera inaweza kuona kilele tu cha kitu kikubwa. CT, ambayo mgonjwa hudungwa dawa mshipani ili nyama na mishipa vionekane vizuri, huonyesha ukubwa wake wote, viungo unavyovigusa, na kama umesambaa kwenye ini au utando wa tumbo. Tezi za limfu zikionekana zimevimba nyingi, daktari huanza kufikiria ugonjwa mwingine, kwa sababu GIST hufika huko kwa nadra. Kabla ya dawa hiyo, mama apimwe kreatinini kwenye damu ili figo zijulikane hali yake.

Hata hivyo, picha haiupi uvimbe jina, maana uvimbe usio saratani wa msuli huohuo unaweza kufanana nao. Jina hutoka maabara, kwa kinyama kilichovutwa kwa sindano ndefu ikiongozwa na kamera yenye utrasaundi, au baada ya upasuaji. Uvimbe ukiwa unatolewa kwa urahisi, daktari wa upasuaji anaweza kuutoa bila kuutanguliza maabara.

Ikithibitika kuwa ni GIST na mama akaanzishiwa vidonge vya imatinibu, dawa ya kuudhibiti uvimbe huo, msishtuke CT ya baadaye ikionyesha uvimbe haujapungua ukubwa. Dawa inapofanya kazi, uvimbe huweza kubaki vilevile, hata kutuna kidogo, lakini ukaonekana mweusi zaidi kwenye picha kwa kuwa ndani yake umekufa. Weusi huo hujulikana kwa kulinganisha na picha za awali, kwa hiyo mwombeni mpiga picha CD ya picha zenyewe, si karatasi ya ripoti pekee, na mwende nayo kila kliniki.